Mwaka Tulipowaficha Wageni Tope

Shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza. Kwa hiyo ukiona habari inakatika katikati, inakwenda kuzunguka huko na kurudi, usidhani karatasi zimechanganyika. Ndivyo ninavyosimulia. Mke wangu anasema nikitumwa chumvi narudi na habari za msiba. Lakini hili nitajitahidi nilifikishe mwisho, maana ni habari ya ndiva yetu na mwaka tuliokaribia kuipoteza.

Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa. Si bwawa la serikali la saruji, ni bwawa la udongo na mawe ambalo babu zetu walilichimba kwenye ubavu wa mlima, huku kwetu juu, upande wa Chome, chini ya msitu wa Shengena. Maji ya kijito yanaingia usiku kucha, asubuhi bwawa limejaa. Anakwenda mtu anavuta kizibo, ambacho ni gogo lililochongwa na kufungwa kamba, na maji yanashika mfereji kuteremka mashambani. Leo zamu ya huyu, kesho zamu ya yule. Watu wamegombana zaidi kwa ajili ya zamu hizo kuliko walivyogombania wanawake, na mimi nimo, lakini hayo tuyaache.

Adui wa ndiva ni mmoja, tope. Kijito hakiji na maji peke yake, kinakuja na mchanga, majani na udongo wa mashamba ya juu. Usipolitoa kila mwaka, bwawa linageuka sahani. Ndiyo maana kila mwaka, kabla kiangazi hakijakolea, wanaitwa watu kwenye msaragambo, yaani kazi ya wote isiyo na mshahara. Na anayewaita nilikuwa mimi. Pembe ya tandala niliachiwa na baba yangu, naye aliachiwa na baba yake. Katika ukoo wetu hatukurithi ng'ombe, tulirithi pumzi.

Sheria ya msaragambo ni kwamba pembe ikilia hakuna mtazamaji. Ukipita njia ukakuta watu wamo ndani ya ndiva, unavua viatu. Nakumbuka mnunuzi wa kahawa alipita na mkoba wake akasimama kutuangalia. Kina mama wakamwendea, wakamvua koti polepole, wakamkabidhi karai. Alibeba tope hadi saa nane mchana. Baadaye alikunywa dengelua, ile pombe yetu ya miwa, akasema hajafurahi vile tangu siku aliyooa. Mimi ni Mkristo wa Kilutheri na nilikunywa naye. Siandiki hapa ili nijipake mafuta.

Na siku ile, mle ndani ya tope, heshima inalegezwa kidogo. Shemeji anamrushia shemeji donge la tope. Wake wanawataja waume zao wavivu kwa nyimbo, mwenyewe ukisikia, unaitikia tu. Nje pametelekwa sufuria la makande la kulisha kijiji kizima. Msimamizi wa sufuria hilo alikuwa shangazi yangu, mdogo wa baba, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Ukija na mikono safi alikurudisha. "Kaoshe," anakuambia, na maana yake ni kwamba nenda kachafuke kwanza.

Sasa nirudi kwenye shida.

Miaka ile ya foleni, ambapo duka la ushirika lilikuwa na mwenye duka na mizani tu, tulifua kwa majani ya mpapai na tukanywa uji bila sukari. Mimi nilishuka tambarare kukata mkonge. Nilikaa kambini na watu wa Kigoma, Songea na Singida. Nilijifunza kula samaki wakavu, nikajifunza na matusi ya lugha tano, ambayo hadi leo ni elimu yangu kubwa. Mashamba ya mkonge yalipodorora nikarudi mlimani. Halafu ikaja ruksa, kila mtu auze atakacho. Ghafla Hedaru, kule chini kwenye barabara kuu, pakajaa vitu: sabuni za rangi tatu, redio, makoti ya mitumba marobota kwa marobota, mabasi ya watu binafsi yanapiga honi mchana kutwa. Vitu vikaja na bei ya kahawa ikaanguka. Kabla ya hapo tulikuwa na hela na hakuna cha kununua, sasa vipo vya kununua na hela hakuna. Mtu wa darasa la tatu hawezi kulieleza zaidi ya hapo.

Vijana hawakukaa. Wengine walishuka Hedaru kuuza vitunguu kwenye madirisha ya mabasi, wengine Maore kulima mpunga, wengine machimboni. Wanangu wawili waliondoka ndani ya wiki moja. Nikipuliza pembe wanakuja kina mama, wazee, na mwanamume mmoja mwenye mguu mbovu. Mwaka wa kwanza tulitoa nusu ya tope. Mwaka wa pili robo. Mwaka wa tatu majani yalishaota katikati ya ndiva, na ng'ombe wa mtu aliingia akala akatoka bila kulowa tumbo.

Siku ile ya mwaka wa tatu shangazi alifunika sufuria kabla watu hawajashiba, akasimama.

"Nisikilizeni," akasema. "Mgongo wangu ni mmoja. Mwakani tunatoka kwa mara ya mwisho. Wasipokuja watu, sisi wanawake hatutoki tena. Kila mtu akachote maji yake kwa ndoo."

"Shangazi, na tangawizi?" nikamuuliza. Yeye ndiye alikuwa wa kwanza kwetu kupanda tangawizi kwa wingi, shamba lake lipo chini ya mfereji, na tangawizi bila maji ya kiangazi haipo.

"Tangawizi yangu nitaililia kama nilivyolilia kahawa," akanijibu. "Wewe baki na hiyo pembe yako umwite nayo mkeo chakula kikiiva."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilijua hasemi jambo mara mbili. Na ndiva ikiachwa misimu miwili, ukuta unapasuka, na hakuna mwenye ubavu wa kuujenga upya.

Ndipo akaja yule binti.

Alikuwa afisa wa utalii, ametoka Arusha, anatembea vijijini kutafuta mahali pa kupeleka watalii wasiotaka simba. Mimi sikujua kama kuna watalii wasiotaka simba. Alikuwa amepanda Shengena na mwenyeji mmoja, akashuka amechoka, akanikuta ukingoni mwa ndiva nang'oa majani peke yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea?"

"Hapana. Hili ni nini?"

Kuniuliza mimi swali hilo ni kosa. Alikaa pale hadi jua likageuka. Nikamweleza ndiva, pembe, tope, mnunuzi wa kahawa, shangazi, hata matusi ya kambini nikamgusia kidogo. Yeye anaandika tu. Mwisho akaniambia, "Mzee, hii siku ya tope ndiyo watu wanayoitaka. Sio maporomoko ya maji peke yake. Watu wanataka kwenda mahali ambapo kuna jambo linafanyika kweli."

Aliitisha mkutano kupitia kwa mwenyekiti wetu wa kijiji. Akaeleza kwamba wageni wachache wangekuja siku ya ndiva, wangelala majumbani kwetu, wangekula tunachokula, na kitakachopatikana kingegawanywa baina ya nyumba zilizowapokea na ndiva yenyewe, sisi wenyewe tukiamua. Akasema jambo la mwisho taratibu, na nalikumbuka vizuri kwa sababu ndilo tuliloliharibu: "Msiwaigizie. Ngoma za kuigiza ziko hotelini. Fanyeni siku yenu kama mnavyoifanya."

Maswali yakaanza.

"Mzungu atalala wapi?" akauliza yule wa mguu mbovu.

"Kwako," akajibiwa.

"Kwangu kuku wanalala ndani."

"Kwani kuku wako wanauma?"

Mwingine akauliza kuhusu choo, na swali la choo peke yake lilikula saa nzima. Hata hivyo choo kilitufaa. Nyumba sita zilichimba vyoo vipya mwaka ule, na hadi leo wenye vyoo hivyo wanajisikia. Mwishowe shangazi akamuuliza binti, "Hao wageni wakiondoka, watarudi?"

"Wakifurahi, Bibi, nitaiandika hii siku iwe ya kila mwaka, na watakuja wengine. Wasipofurahi siwezi kuwalazimisha."

"Basi tutaona," akasema shangazi. "Nilisema mara moja ya mwisho. Na iwe hiyo."

Kwa hiyo kila mtu alijua. Siku hiyo moja ingeamua kama ndiva inaishi.

Sasa sikiliza tulichofanya. Wengine wanasimulia kwamba ni mwenyekiti, na kweli mwenyekiti alikuwa mtu wa kupenda viti na hotuba. Alikuwa na koti la mitumba la Hedaru, jekundu, lenye vifungo vya dhahabu, na alitafuta sababu ya kulivaa tangu alinunue. Lakini nisimsingizie. Aliyelisema ni mimi. Wiki moja kabla, tumekaa kamati, nikasema, "Jamani, wageni watatoka mbali wafike watukute tumejaa tope hadi masikioni? Mke wangu amepandisha kanga, mimi niko kifua wazi? Ni aibu. Tulitoe tope kabla. Wafike ndiva inang'aa."

Hakuna aliyepinga. Ndivyo tulivyolelewa. Mgeni akija, ua umefagiwa tangu alfajiri, na mwenye nyumba amekaa amevaa shati safi kama vile nyumba inajifagia yenyewe. Maneno ya binti tulikuwa tumeyasikia kwa masikio, lakini mikono ilikuwa imeshashika ufagio.

Nikapiga pembe siku tatu kabla. Na kwa sababu ya wageni, watu walijitokeza zaidi ya miaka iliyotangulia. Tulitoa tope lote. Tulipaka chokaa mawe ya ukingoni. Tukaziba, maji yakajaa, ukajiona uso ndani kama kwenye kioo. Mimi nilijiona nimezeeka, nikarudi nyuma.

Shangazi akaja akatazama. "Na mfereji?" akauliza. "Pale kwenye kona ya mkuyu udongo umeporomoka na mizizi imejaa."

Nikamjibu jibu ambalo ningependa mtu mwingine awe ndiye aliyelitoa. Nikamwambia, "Shangazi, mfereji hauonekani kutoka kwenye viti vya wageni."

Akanitazama, akaenda zake.

Wageni walifika na gari kutoka Same siku iliyopangwa, wametikiswa na ile barabara hadi hawajui mchana ni saa ngapi. Walikuwa saba. Watano Wazungu na wawili Watanzania kutoka Dar es Salaam, mume na mke. Tulidhani hao wawili ni dereva na mpishi, tukawaonyesha kivuli cha kupumzikia nyuma. Binti akaja mbio: "Jamani, hao ni watalii!" Hatukuwahi kuona mtalii anayejibu shikamoo sawasawa. Tukawaomba radhi, tukawaleta mbele.

Mbele kulikuwa na viti vya kanisa vimepangwa mistari minne, na meza kuu imefunikwa kitambaa cheupe, vyote viwili tumeazimwa na mchungaji, na chupa ya maua. Mwenyekiti na koti lake jekundu akahutubia. Akamaliza, akakumbuka jambo, akahutubia tena. Kwaya ikaimba. Kina mama wamekaa upande mmoja wamevaa vitenge vya harusi, hawacheki, mikono mapajani. Mke wangu ambaye hajawahi kunyamaza nusu saa tangu nimjue alikuwa amekaa kimya kama amepigwa picha.

Wageni walitazama maji. Wakayapiga picha. Wakayatazama tena. Mmoja akapiga miayo akaifunika kwa kofia.

Binti akaja kuinama sikioni kwangu. "Mzee, wanauliza kazi inaanza saa ngapi."

"Kazi imekwisha, mwanangu. Tumewarahisishia."

"Imekwisha lini?"

"Juzi. Tope lote tumetoa."

Akafunga daftari. Hakunikasirikia, na ingekuwa afadhali angenikasirikia. "Mzee wangu," akasema polepole, "nimewaambia hawa watu nawapeleka kwenye siku ya ndiva. Sasa nimewaleta kutazama maji. Nitaandika nini?"

Nilitazama upande wa sufuria. Shangazi alikuwa anakoroga makande na ananiangalia, na nadhani alikuwa ameshajua tangu zamani. Wakati huo huo mwenyekiti anatangaza kwamba sasa mgeni rasmi atafungua maji. Mgeni rasmi alichaguliwa kwa umri, mama mmoja wa Kizungu mwenye nywele nyeupe na mikono mipana ya mtu aliyefanya kazi. Akapewa kamba.

Siku za kawaida kizibo hakivutwi chote. Kinalegezwa, maji yanatoka kidogo kidogo, na watu wawili wanatangulia mbele ya maji na majembe wakisafisha njia. Siku ile hakuna aliyemwambia. Yule mama alivuta kwa nguvu zake zote, na alikuwa nazo. Kizibo kikatoka chote, kikaruka, kikaenda na maji.

Watu wakapiga makofi. Kwaya ikaanza wimbo mwingine. Mimi masikio yangu yalikuwa kwenye maji, na maji yale yalikuwa na sauti isiyo yake. Nikahesabu hatua kichwani: sasa yamefika kwenye jiwe, sasa yamepita migomba, sasa yako kwenye kona ya mkuyu. Na pale kwenye kona yakakuta mizizi na udongo, yakapanda, yakavunja ukingo wa mfereji. Kutoka tulipokuwa tukayaona yanateremka mlimani yamekuwa mekundu, yanakwenda moja kwa moja kwenye tangawizi ya shangazi.

Pembe nilikuwa nayo shingoni. Siku ile nilikuwa nimeivaa kama pambo. Nikaipuliza hadi nikaona nyota.

Na hapo, bwana, ile harusi ikaisha. Vitenge vikapandishwa magotini. Kina mama waliruka viti wakashuka mbio, mke wangu akiwa mbele, viatu mkononi. Shangazi akaacha mwiko ndani ya sufuria. Akapita mbele ya wageni, ambao walikuwa wamesimama hawajui kama ni sherehe au ni msiba, akamwekea jembe mkononi yule mama wa nywele nyeupe.

"Bibi, hao ni wageni," binti akasema.

"Pembe imelia," shangazi akamjibu. "Wewe hujasikia? Shika karai hilo."

Tulipofika kwenye kona, maji yalikuwa yameshakula ukingo kiasi cha mlango. Tukakata migomba tukaitupa, ikasombwa. Tukatupa mawe, yakasombwa. Kinachotakiwa pale ni kitu kipana cha kukinga kwanza, ndipo uzibe nyuma yake kwa tope na nyasi. Kila mtu anapiga kelele, kila mtu ni fundi.

Ndipo nikasikia sauti ya mwenyekiti: "Meza! Leteni meza!"

"Meza ipi?"

"Meza kuu, nyie!"

"Ina kitambaa cha mchungaji!"

"Toeni kitambaa!"

Ikaja meza, imebebwa juu juu na wanaume watatu, mmoja wao yule mtalii wa Dar tuliyemdhania dereva. Wakailaza ubavu kwenye ufa, miguu imeshika mawe. Ikatikisika, inataka kwenda. Mwenyekiti, na hapa nampa heshima yake, akaingia mwenyewe ndani ya maji na lile koti, akakaa chini, akaikinga meza kwa mgongo. Maji yakamfika kifuani. "Leteni tope!" anapiga kelele. "Leteni tope, mnanitazama nini?"

Tope! Tulilokuwa tumelirundika nyuma ya ndiva, tukalifunika na majani lisionekane. Tukajipanga mstari kutoka kwenye rundo hadi kwenye kona, karai linapita mkono kwa mkono. Mzungu, shangazi, mwanakwaya, Mzungu, mke wangu. Yule bwana wa Dar akaanzisha wimbo wa mchakamchaka wa shuleni, kila aliyewahi kukimbia asubuhi na fimbo ya mwalimu nyuma yake akaitikia, na mstari ukapata mwendo. Wale Wazungu hawakujua maneno, waliitikia mahali pa kuitikia. Mama mmoja wa kwetu akaingiza maneno yake juu ya mwenyekiti aliyegeuzwa kizibo. Wakacheka hadi karai likaanguka. Mke wangu akampaka tope shavuni yule mama wa nywele nyeupe, kwa sababu alisimama kupumzika, na yule mama bila kuuliza akamrudishia.

Ukingo ulishika. Yalipotea maji mengi, zaidi ya nusu ya ndiva. Yaliyobaki tukayasafishia njia, watu wawili mbele na majembe, yakashuka mfereji hadi mashamba ya mwisho.

Lakini hakuna aliyeshangilia bado. Wote tulikuwa tunamtazama shangazi. Alikuwa amesimama kwenye shamba lake. Matuta mawili ya tangawizi yalikuwa yamelala, udongo umekwenda, mizizi iko juu. Nilimwendea. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, maneno mazuri, nikayasahau yote.

"Shangazi, nilikosa."

"Ulikosa," akasema. Hakuongeza wala hakupunguza. Akainama, akaokota tangawizi iliyong'olewa, akaijaza kwenye kanga yake, akapanda nayo hadi jikoni. Akaiosha, akaiponda kwa jiwe, akaitia yote kwenye sufuria la chai.

Tukala makande tumekaa chini, viti vimebaki mistari minne peke yake. Chai ile ilikuwa kali, yule mama wa Kizungu alitokwa machozi akaomba tena. Mgeni mmoja akamuuliza mwenyekiti, kupitia kwa binti, alikuwa anapiga tarumbeta katika bendi gani. Mwenyekiti hakuelewa swali. Binti akamweleza kwamba kwao makoti kama lile huvaliwa na watu wa bendi. Mwenyekiti akalitazama koti, maji yanachuruzika kwenye vifungo, akasema, "Mwambie nilikuwa mkubwa wao."

Shangazi alingoja watu washibe. Safari hii hakufunika sufuria. Akasimama na mwiko.

"Mwakani," akasema, na neno hilo peke yake lilinifanya niweke sahani chini. "Mwakani tope lisiguswe hadi wageni wafike. Na mtaanzia kwenye mfereji, si kwenye ndiva. Viti vibaki kanisani. Mgeni asiyetaka kuchafuka akalale hotelini Same. Wewe binti, andika hivyo."

"Naandika, Bibi," binti akasema, na kweli alikuwa anaandika, tope hadi kwenye viwiko.

Sitaki kukudanganya kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa mteremko. Tuligombana sana juu ya nyumba zipi zipokee wageni, hadi tukaweka zamu kama za maji, maana zamu ndiyo siasa pekee tunayoijua. Bwana mmoja alizungushia uzio mti ulio karibu na njia ili watu walipie kuupiga picha. Shangazi alikwenda kuung'oa uzio huo mchana kweupe, akautumia kama kuni. Kahawa haikupanda bei kwa sababu ya watalii. Lakini mfereji ulijengewa mawe pale kwenye kona ya mkuyu, na mchungaji alipata meza mpya.

Na lililonishangaza kuliko yote sikulitarajia. Habari ya mwenyekiti kugeuzwa kizibo ilishuka hadi Hedaru. Makondakta waliisimulia, wauza vitunguu wakaisimulia kwa abiria, kila aliyeisimulia akaongeza kina cha maji. Vijana wetu wakaisikia. Kumbe kitu wasichokubali kurudi kukifanya kwa kuitwa, walitaka kurudi kukiona. Mwaka uliofuata walipanda mlima, wengine na wake wapya tusiowajua, wengine na marafiki zao wa machimboni na wa mashamba ya mpunga, watu wa Singida na wa Kigoma kama wale niliokata nao mkonge. Mwanangu mkubwa alikuja na watoto. Wageni wa binti walikuwa kumi na kitu, wakapotea humo katikati.

Siku hiyo nilipiga pembe nikiwa juu ukingoni, nikakunja suruali, nikashuka niingie ndani. Nikaweka mguu hapa, pana mtu. Pale, pana mtu. Kila mahali migongo na makarai, na tope linaruka. Nikazunguka ndiva nzima natafuta pa kusimama.

Mke wangu akainua uso, tope tupu, meno tu ndiyo meupe. "Baba," akasema, "kaa huko huko juu. Unatuzibia njia."

Nikakaa.